Unyevu wa tumbaku ya mvuke kutoka banini hadi sokoni: jibu kwa mkulima wa Chunya

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Ninalima tumbaku ya mvuke Mtanila, wilayani Chunya. Msimu uliopita marobota yangu mawili yalirudishwa sokoni. La kwanza lilikuwa na ukungu katikati ingawa kwa nje lilionekana zuri, na la pili lilikuwa limekauka mno, majani yakavunjika mara tu lilipofunguliwa. Mengine yalipita, lakini mnunuzi alisema tumbaku yangu haiungui vizuri, na ni kweli, kwani nikiwasha kipande cha jani moto unazimika. Naomba unieleze tumbaku inatakiwa kuhifadhiwa ikiwa na unyevu kiasi gani, nitaupimaje bila mashine, na kama huko kuungua vibaya kunatokana na unyevu. Isitoshe, nyumba ya familia iko Mbeya mjini. Je, nikiihifadhi huko kwenye baridi itakaa vizuri zaidi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kiwango unachokitafuta ni asilimia 12 hadi 14 ya uzito wa jani. Chini ya asilimia 10 jani huvunjika likiguswa na nusu yake huishia kuwa vumbi sakafuni, na likizidi asilimia 16 ukungu huanza kupata nafasi. Likifika 18 au 20 na kufungwa katika robota, hata kama hutaona ukungu wiki ya kwanza, uharibifu umekwishaanza ndani. Kukitaja kiwango hiki ni rahisi. Kazi iko katika kukifikia na kukishikilia kwa miezi kadhaa katika hewa ya Chunya, ambayo hubadilika sana kati ya Machi na Julai, na tena kati ya alfajiri na alasiri ya siku moja. Kwa hiyo nitakueleza kwanza jinsi jani na hewa vinavyohusiana, kwa sababu ukilielewa hilo, mengi ya hatua zinazofuata utaweza kuzipanga mwenyewe kulingana na bani lako, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, na ghala lako.

Jani la tumbaku lililokaushwa hupokea maji kutoka hewani na kuyarudisha hewani muda wote, hadi unyevu wake ulingane na ule wa hewa iliyolizunguka. Tumbaku ya mvuke, yaani ile inayokaushwa banini kwa joto la mabomba, ina sukari nyingi, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 25 ya uzito wake mkavu, na sukari hiyo huvuta maji kwa nguvu. Ndiyo maana jani la mvuke hulainika upesi kuliko jani la tumbaku ya moshi inayolimwa upande wa Songea na Namtumbo, ambalo sukari yake ni kidogo mno. Hewa yenye unyevu wa asilimia 60 hulifanya jani la mvuke litulie kwenye asilimia 12 au 13. Hewa ikifika asilimia 70, jani hupanda hadi 16 au 17, na hewa ikizidi asilimia 80, jani hupita 20 na kuwa tepetepe. Kwa sababu hiyo maabara za tumbaku duniani huweka sampuli zao katika hewa ya asilimia 60 na nyuzi joto 22 kabla ya kuzipima, ili kila jani lipimwe likiwa katika hali moja. Wanaotunza siga, yale majani yaliyoviringwa mazima kama ya Cuba, hupenda hewa iwe juu kidogo, asilimia 65 hadi 70, kwa sababu jani lao la nje lazima lipindike bila kupasuka. Lakini wao wanatunza vitu vichache ndani ya sanduku la mbao linaloangaliwa kila mara. Wewe una marobota mazito ambayo katikati yake hakuna hewa inayopita, na kwako asilimia 70 ni mpaka wa hatari.

Sasa tazama hewa ya kwenu. Unyevu tunaoutaja kwa asilimia hulinganisha maji yaliyomo hewani na yale ambayo hewa hiyo ingeweza kuyabeba katika joto lile lile, na uwezo huo huongezeka haraka joto linapopanda. Chukua alfajiri ya Juni, nyuzi joto 12, umande umelala juu ya nyasi. Hewa hiyo imeshiba, lakini kwa kuwa ni ya baridi ina takriban gramu 10.7 tu za maji katika kila mita ya ujazo. Ifikapo saa nane mchana joto limefika nyuzi 27, na hewa ya joto hilo ingeweza kubeba karibu gramu 26. Kama maji yaliyomo hayakuongezeka, unyevu umeshuka kutoka asilimia 100 hadi takriban 41. Chini ya bati lililopigwa na jua, ambapo joto linaweza kufika nyuzi 32, unashuka hadi karibu asilimia 32. Jani lile lile lililokuwa laini kama kitambaa alfajiri huvunjika mikononi mchana, na hakuna aliyelifanyia lolote. Robota lako la pili, lile lililokauka, bila shaka lilipangwa au kufungwa mchana wa kiangazi, au lilikaa muda mrefu karibu na bati bila kufunikwa.

Robota la kwanza, lenye ukungu katikati, lina historia tofauti, na mimi ningeanza kuitafuta ndani ya bani kabla ya kulaumu ghala. Jani bichi ni maji kwa asilimia 80 hadi 90, na sehemu inayong'ang'ania maji hadi mwisho ni uti wa kati. Ukaushaji unapita katika vipindi vitatu. Kwanza ni kugeuza rangi, kati ya nyuzi joto 30 na 38, ambapo jani lazima libaki hai na hewa iwe na unyevu mwingi. Kisha ni kukausha bapa la jani, yaani sehemu yake pana, joto likipandishwa polepole hadi nyuzi 54 au 57. Mwisho ni kukausha uti, kwa nyuzi 65 hadi 74. Kipindi hiki cha tatu ndicho wakulima wengi hukikatisha, na sababu inaeleweka: kuni zimekwisha, vijana wamechoka kukesha, bapa limekwishakauka na linapendeza kwa rangi, na bani linahitajika kwa mavuno yanayofuata. Lakini uti uliobaki mnene na mbichi upande wa kikonyo unabeba maji ya kutosha kulilowesha jani lote linaloubana. Ukilifunga jani la namna hiyo, kwa mkono bapa litaonekana liko sawa. Ndani ya robota maji yatatoka kwenye uti na kuhamia kwenye bapa, joto litapanda, na baada ya wiki chache utapata kile ulichokipata. Kwa nje robota hubaki zuri kwa sababu upande wa nje unapumua. Kwa hiyo usizime moto mpaka umechukua majani kutoka sehemu za chini, za juu na za pembeni mwa bani, hasa pembe iliyo mbali na mabomba ya joto, ukaukunja uti wa kila jani kwenye sehemu yake nene, na wote ukavunjika kwa mlio mkavu. Kama mmoja unapindika, endelea na moto. Kuni za saa chache zaidi ni nafuu kuliko robota zima lililorudishwa, ingawa najua kwamba kuni za miombo zinazidi kuwa mbali mwaka hadi mwaka.

Bani likimaliza kazi yake vizuri, majani hutoka yakiwa hayana maji karibu kabisa, na ukiyagusa yanasagika. Hapo ndipo inapokuja hatua ya kuyalainisha, ambayo ndiyo hasa huamua unyevu utakaoingia nao ghalani. Acha bani lipoe, kisha fungua mlango na matundu ya chini na ya juu wakati wa jioni ili hewa ya usiku ipite. Mwezi wa Februari au Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, usiku mmoja unaweza kutosha na hata kuzidi, hivyo inakubidi uamke mapema kukagua na kufunga matundu majani yakishalainika. Mwishoni mwa Aprili na Mei, hewa ikianza kukauka, usiku mmoja unaweza usitoshe. Katika hali hiyo mwagia maji sakafu ya bani, tundika magunia ya juti yaliyoloweshwa karibu na matundu ya chini, au chemsha maji katika pipa ndani ya bani na kuacha mvuke upande polepole. Mvuke na hewa hulifikia kila jani kwa usawa. Maji ya kunyunyizwa kwa mkono au kwa bomba la mgongoni hayafiki sawasawa: yanaangukia majani ya nje, yanaacha madoa meusi, na pale tone lilipotulia ndipo ukungu unapoanzia. Nakusihi usiinyunyizie tumbaku maji moja kwa moja, na hasa usifanye hivyo usiku wa kuamkia siku ya soko kwa nia ya kuongeza uzito. Kilo 100 za tumbaku yenye unyevu wa asilimia 20 zina kilo 80 tu za jani kavu, na mnunuzi anazijua hesabu hizo vizuri kuliko sisi.

Uliuliza jinsi ya kupima bila mashine. Kipimo ninachokiamini zaidi ni mizani, na kinahitaji maandalizi kidogo. Siku bani linapomaliza kukausha uti, likiwa bado la moto, toa fito tatu au nne zenye majani, zipime upesi kwa mizani ya kuning'iniza kabla hazijavuta hewa, kisha utoe uzito wa fito zenyewe ambao utakuwa umeupima kabla ya kutunga. Tuseme majani matupu ni kilo 2. Weka alama kwenye fito hizo na uzirudishe mahali pake. Unapolainisha, zipime tena. Zikifika kilo 2.3, majani yako yana unyevu wa asilimia 13, kwa sababu gramu 300 za maji kati ya gramu 2,300 ni asilimia 13. Zikifika kilo 2.4 umekaribia asilimia 17 na umevuka mpaka. Zikifika kilo 2.5 ni asilimia 20, na tumbaku hiyo isiguse robota hata kidogo mpaka ipungue. Uzito wako hautakuwa kilo 2 kamili, lakini hesabu haibadiliki: zidisha uzito mkavu kwa 1.15 na utapata uzito wa kulenga. Fito hizo zikiendelea kutundikwa katika ghala la kuchambulia, zitakueleza kila asubuhi kama ghala linaongeza maji au linayaondoa.

Mkono nao una nafasi yake, ukitumiwa kwa utaratibu. Likamate jani kiganjani ulifinye kwa upole kisha uachie. Jani lenye unyevu unaofaa hufunguka lenyewe polepole bila kuvunjika na bila kubaki na mikunjo; lililo kavu hulia na kupasuka kingo; lililolowa hubaki limejikunja na kunata vidole. Wakati huo huo uti, kwenye theluthi yake nene upande wa kikonyo, lazima bado uvunjike ukiukunja, hata kama ncha yake inapindika. Jani laini lenye uti unaovunjika ndilo unalolitaka. Jani laini lenye uti unaopindika mpaka mwisho limezidi, hata kama mkono unakuambia kwamba bapa liko sawa.

Kwa hewa ya ghala, nunua haigromita ndogo, yaani kipima unyevu wa hewa. Siku hizi si ghali, lakini nyingi husoma vibaya kwa pointi kadhaa, na ni lazima uihakiki kabla ya kuiamini. Chukua kifuniko cha chupa, jaza chumvi ya mezani, tia maji kidogo mpaka chumvi iwe uji mzito usioyeyuka wote, kisha weka kifuniko hicho na haigromita pamoja ndani ya chombo cha plastiki kinachofungika kabisa, na ukiache mahali penye joto lisilobadilika kwa usiku na mchana. Hewa iliyofungiwa pamoja na uji wa chumvi hutulia kwenye asilimia 75. Kama chombo chako kinasoma 70, andika juu yake kwamba kinapunguza tano, na uongeze tano kila unaposoma. Itundike usawa wa kifua, katikati ya ghala, mbali na mlango na ukuta. Isome alfajiri na isome alasiri. Usomaji mmoja wa siku hautakuambia kitu.

Ukishaijua hewa, panga kazi kwa saa zake. Kuchambua na kupanga madaraja kufanyike kuanzia alfajiri hadi saa tatu au nne asubuhi katika miezi ya kiangazi, na jua likipanda majani yafunikwe. Wanaochambua mchana kutwa mwezi wa Juni hupoteza tumbaku nzuri kwa kuigusa tu. Majani ambayo bado hayajachambuliwa yasiachwe yametawanyika wala yasiendelee kuning'inia wazi. Yapangwe katika lundo la mviringo au la mstatili juu ya chanja, ncha za majani zikielekea ndani na vikonyo nje, kisha yafunikwe kwa magunia safi ya juti au mablanketi. Ndani ya lundo majani hulindana. Yale makavu kidogo huchukua kutoka kwa yale yenye unyevu kidogo, na baada ya siku kadhaa yote huwa sawa. Rangi ya kijani hafifu iliyobaki pembeni nayo hufifia.

Lakini lundo linataka kuchunguzwa, na hili sitalipitia haraka. Kila baada ya siku mbili ingiza mkono mpaka kiwiko katikati ya lundo. Ukikuta ubaridi au joto la kawaida la chumba, liache. Ukikuta joto, hata joto dogo linalopendeza mkononi, lifumue siku hiyo hiyo, tandaza majani yapoe kivulini, kisha upange upya ukiweka yaliyokuwa katikati upande wa nje. Joto ndani ya tumbaku lina maana mbili: vijidudu vya ukungu vimeanza kula sukari, au sukari yenyewe na viini vingine vya jani vimeanza kuungana na kuligeuza kuwa la kahawia. La kwanza linaleta harufu ya uvundo, la pili linaondoa rangi ya ndimu au ya chungwa ambayo ndiyo uliyoikeshea banini. Yote mawili hukua kwa pamoja, kwa unyevu na joto, na yote mawili hayarudi nyuma. Jani lenye ukungu ukilianika juani au kulipangusa, uvundo unabaki. Litenge mbali, usilichanganye na daraja lolote kwa matumaini kwamba halitaonekana, kwa sababu mteuzi, yaani anayepanga madaraja sokoni, akilikuta ndani ya robota atalikataa robota zima.

Ghala lenyewe liwe na sakafu iliyoinuliwa kwa chanja angalau sentimita 15, na nafasi ya kutosha kati ya tumbaku na ukuta ili mtu apite na hewa izunguke. Katika nyanda zetu hizi kuna adui ambaye wageni hawamfikirii, nalo ni bati. Usiku wa baridi bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake, mvuke wa ghalani huganda kuwa matone, na alfajiri matone hayo huanguka juu ya marobota hata kama mvua haijanyesha kwa miezi miwili. Weka dari, hata la mikeka au turubai iliyoachiwa nafasi ya hewa juu yake. Plastiki nyeusi inaweza kufunika marobota yaliyo tayari ili yasikauke wakati wa kiangazi, ila uitumie tu kwa tumbaku ambayo umethibitisha kwa mizani kuwa haizidi asilimia 14, na uifunue mara kwa mara, kwani tumbaku yenye maji mengi ikifungiwa plastiki hutokwa jasho. Kufunga marobota kufanyike asubuhi, jani likiwa laini, na kamba ziwe za katani au pamba. Nyuzi za magunia ya plastiki zikiingia katika tumbaku haziondoki, na mnunuzi hazivumilii.

Kuhusu wadudu nitasema machache. Mdudu wa ghala anayekuhusu ni mbawakawa mdogo wa kahawia anayeitwa kwa jina la kitaalamu Lasioderma serricorne. Lava (buu) wake hutoboa majani matundu ya mviringo. Hustawi joto likikaribia nyuzi 30 na huacha kuzaliana joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi. Silaha yako ni usafi: fagia na uchome mabaki yote ya msimu uliopita kabla ya mavuno mapya, na usiweke tumbaku ya zamani pamoja na mpya. Vidonge vya gesi vya kufukizia nafaka usivitumie nyumbani wala katika ghala lililo karibu na mahali watu wanapolala. Gesi ya fosfini huua, na ufukizaji ni kazi ya wenye leseni.

Hili linanifikisha kwenye Mbeya mjini. Ni kweli kwamba baridi ya huko, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, humzuia mdudu huyo. Lakini mvua za Mbeya ni nyingi kuliko zenu, na chumba cha kawaida cha nyumba ya mjini wakati wa masika kinaweza kukaa juu ya asilimia 75 kwa siku nyingi mfululizo, jambo litakaloipandisha tumbaku yako kupita asilimia 18. Nyumba hiyo pia ina jiko, sabuni na mafuta ya taa, na tumbaku hunyonya harufu upesi. Tumbaku ibaki Chunya, karibu na chama chako cha msingi, katika ghala ulilolirekebisha.

Sasa nije kwenye kuungua, ambako naona kuna jambo zaidi ya unyevu. Unyevu una sehemu yake, bila shaka. Jani lenye maji mengi hutumia joto la moto wake kuyageuza maji kuwa mvuke, hivyo moto husinyaa, huenda upande mmoja, kisha huzimika. Jani kavu mno huwaka mbio na kutoa moshi mkali unaokwaruza koo. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu, fanya jaribio lako upya. Chukua majani uliyothibitisha kwa mizani kuwa yako kwenye asilimia 13, na yawe ya nafasi moja kwenye mmea, kwa maana majani ya chini ni membamba na huungua kwa urahisi kuliko ya juu ambayo ni mazito. Gusisha kaa la moto katikati ya bapa, bila kuwasha mwali, kisha uangalie kaa linavyotambaa. Jani zuri hulisambaza kaa kwa mduara unaopanuka kwa sekunde nyingi na kuacha jivu jeupe au la kijivu. Kama kaa linakufa mara unapoondoa moto, na jivu ni jeusi, na umekwishahakikisha unyevu, basi sababu iko shambani.

Madini mawili yanaongoza jambo hili. Potasiamu husaidia jani kushikilia moto, na kloridi huzuia. Kloridi ikizidi asilimia 1 ya uzito wa jani huanza kuharibu uunguaji, na ikifika asilimia 2 jani linaweza kukataa kuungua kabisa. Hapa ndipo maswali yako yanapokutana, kwa sababu kloridi hiyo hiyo hulifanya jani livute maji kutoka hewani, kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika. Tumbaku yenye kloridi nyingi hulowa katika ghala ambalo tumbaku ya jirani inakaa vizuri, na rangi yake huwa ya matope. Inawezekana kabisa kwamba robota lako lenye ukungu na lawama ya mnunuzi vilitokea katika kipande kimoja cha shamba.

Kloridi huingiaje? Mbolea ya tumbaku inayosambazwa kupitia vyama, NPK 10-18-24, hutengenezwa kwa ajili ya zao hili, na potasiamu yake inatakiwa itokane na salfeti. Mbolea nyingine za mchanganyiko zinazouzwa kwa ajili ya mahindi au mboga, kwa mfano 17-17-17, mara nyingi hupata potasiamu yake kutoka potasiamu kloridi, ambayo kwenye mifuko huandikwa MOP. Mkulima aliyepungukiwa na mfuko mmoja hujazia kwa mbolea ya mahindi iliyobaki, mmea unastawi, majani yanakuwa makubwa, na tatizo linajitokeza miezi sita baadaye kwenye meza ya mnunuzi. Samadi ya zizini, hasa pale ng'ombe wanapolambishwa chumvi, nayo hubeba kloridi pamoja na naitrojeni inayoachiliwa kwa kuchelewa, ambayo hulifanya jani la juu libaki nene na la kijani wakati lilipaswa kuiva. Na jani lisiloiva halikauki vizuri banini wala haliungui vizuri baadaye. Samadi iende kwenye mahindi.

Kwa hiyo kumbuka ulichoweka msimu uliopita, kipande kwa kipande, ikiwemo mifuko uliyoazima au kununua dukani. Mweleze afisa ugani wa tumbaku wa eneo lako, na umwombe asaidie kupeleka sampuli ya udongo na ya majani yasiyoungua kupimwa kloridi na potasiamu; Taasisi ya Utafiti wa Tumbaku Tanzania, TORITA, iliyoko Tumbi mkoani Tabora, ndiyo inayoshughulikia utafiti wa zao hili. Sampuli za majani zichukuliwe kutoka kipande kimoja kimoja na kuwekewa alama, zisichanganywe. Kipande kitakachoonekana kuwa na kloridi nyingi kipandwe mahindi msimu ujao, kwa kuwa katika udongo wenu wa kichanga mvua za msimu mmoja mzuri huiosha sehemu kubwa ya kloridi hiyo chini ya mizizi, na tumbaku uihamishie kwenye kipande ambacho hakijapata samadi wala mbolea ya MOP. Na majani uliyonayo sasa, kama bado yako katika lundo, ingiza mkono leo jioni uangalie kama ndani kuna joto.